Usingizi Niliouandika kwa Uongo

Nina miaka thelathini na nne, nauza mahindi na ulezi sokoni hapa Sumbawanga. Nyumba nilimo ina vyumba vitatu na mtu mmoja... mimi!

Mume wangu, Kastori, ni mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa. Alichunguza saa ya mwilini, ile inayotuamsha hata kama hatuna saa ukutani, akitafuta hesabu za kuielezea. Waliojitolea walipewa daftari la kuandika muda wa kulala na kuamka. Na mimi nilijitolea.

Basi akaanza kupigiwa simu alfajiri na mwanamke wa Kirando, kule ziwani. Kila siku! Alinieleza kwamba ni mmoja wa washiriki, anaanika dagaa, hajui kuandika, hivyo anapiga kusema ameamka. Jamani, mngeamini? Mwanamke ampigie mume wa mtu kumwambia ameamka!

Sikuamini hata chembe. Kila usiku nilijifanya nimelala, naye akimaliza masomo yake usiku wa manane na kuanza kukoroma tu, nachukua simu yake naenda kuipekua jikoni, baridi ikinichoma miguu. Sikukuta kitu. Nikasema moyoni, huyu anafuta! Asubuhi naandika kwenye daftari: nimelala saa nne, nimeamka saa kumi na mbili.

Baadaye alituletea vikanda vya kuvaa mkononi. Alinieleza kazi ya vikanda hivyo, lakini akili yangu ilikuwa Kirando, sikusikiliza. Kumbe vinarekodi mwili ukitulia na ukitembea!

Mwezi ukapita. Jumapili tumetoka misa, akaweka karatasi mezani. Chai hakuigusa.

"Mke wangu," aliniuliza taratibu, "kila saa nane usiku huwa unakwenda wapi?"

Nilimwambia ukweli wote... simu, jikoni, Kirando. Akaguna. Akasema miezi yote nimemwandikia uongo, naye ameujengea hesabu zake, leo aamini lipi? Tena mtu apekue simu miezi yote hiyo, asikute kitu, na bado aendelee? Hata mimi nilipojisikia nikieleza, nilijiona mwongo. Mimi niliyemshuku ndimi nikawa mshukiwa!

Wiki hiyo hiyo alihama, akapanga chumba Namanyere. Nikafunga safari hadi Kirando kumtafuta huyo mwanamke, nimwone kwa macho yangu. Nilimkuta akigeuza dagaa kwenye chanja... bibi mkubwa kuliko mama yangu mzazi! Shikamoo ilinitoka pamoja na machozi.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu hajambo? Siku hizi hapokei simu yangu."

Nikainama, nikamsaidia kugeuza dagaa.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ukiwa na shaka na mwenzio, muulize mchana, mkae wote wawili, na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho. Usimvizie kama nilivyofanya mimi. Daftari lile bado ninalo, na sasa naandika kweli tupu: nimelala saa tisa, nimeamka saa kumi. Limekaribia kujaa... na hakuna anayekuja kulichukua.