Fimbo ya Baba wa Bibi Harusi

Kila jioni Khalaf alirudi kutoka kutengeneza pampu za maji, akanawa mikono, kisha akashika fimbo. Aliuchapa mtende wa uani kama mtu aliyetukanwa. Mkewe, Nagat, alimtazama huku akipika mlenda.

"Baba Wafaa, huo mti umekukosea nini?"

"Najiandaa."

Alikuwa na sababu. Kijijini kwao, kando ya Nile, harusi hainogi bila mchezo wa fimbo. Wanaume wawili huzungukana kwa ngoma na zumari. Hakuna kuumizana. Anayegusa kichwa cha mwenzake ndiye mshindi. Mwaka uliopita, binamu yake Bakhit alimvua kilemba kwa fimbo mbele ya kadamnasi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa Khalaf alikuwa anamwoza binti yake, Wafaa. Baba wa bibi harusi lazima acheze, na Bakhit hakosi harusi.

"Safari hii nitamshinda!" alisema, akauchapa mtende tena. Mara bega likamchoma, fimbo ikaanguka.

Nagat alimkanda bega kwa mafuta ya moto. "Wafaa amelia leo," alimwambia polepole. "Anaogopa utaaibika siku yake."

Maneno hayo yalimuuma Khalaf kuliko bega.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao Girgis, anayewafundisha vijana mchezo wa fimbo.

"Unataka nini hasa?" Girgis aliuliza.

"Kumshinda Bakhit."

"Na Bakhit akiamka na homa, asije?"

"Aa, hapo nimeshinda!"

Girgis alicheka. "Umeshinda nini, ndugu yangu? Lengo hilo liko mikononi mwa Bakhit. Chagua la kwako. Liwe jambo dogo, ambalo mkono wako unaweza kulifanya na macho yako yanaweza kuliona. Haya, tucheze."

Walicheza kidogo. Fimbo ya Girgis iligusa kilemba cha Khalaf tena na tena.

"Umeona nini?"

"Nikishapiga, naacha kichwa wazi."

"Basi lengo lako ndilo hilo. Kila ukipiga, fimbo irudi juu ya kichwa. Wiki hii fanya polepole, bila ngoma. Ukizoea, ongeza mwendo. Bega likiuma, pumzika. Na nyumbani awepo mtu wa kukukagua."

Mkaguzi akawa Nagat. Alimvizia na mwiko uani, jikoni, hata mlangoni.

"Kichwa!" Pap!

"Mama Wafaa, nakunywa chai!"

"Bakhit atakungoja umalize chai?"

Wafaa alicheka mpaka akakaa chini. Khalaf alifurahi kusikia kicheko kile, akaendelea kujifunza. Mwanzoni mwiko ulimpata kila mara. Baadaye ulimpata mara chache. Mwishowe fimbo ilirudi juu yenyewe, hata alipokuwa anawaza mambo mengine.

Siku ya harusi ikafika, na ngoma ikalia. Bakhit aliingia uwanjani akitabasamu.

"Binamu, leo kilemba umekifunga vizuri?"

"Karibu ukikague."

Bakhit alishambulia kwa juu. Akakuta fimbo. Akazunguka kushoto. Akakuta fimbo. Watu waliacha kucheka, wakaanza kupiga makofi. Wafaa, aliyetakiwa kutulia kama bibi harusi, alisimama akapiga vigelegele kuliko shangazi zake wote. Jasho lilimtiririka Bakhit. Khalaf aliifuata ngoma bila papara, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi mchezo huu ulivyo mtamu. Hakuna aliyeguswa. Aliyechoka alikuwa mpiga zumari; alipoacha kupiga, mchezo ukaisha na binamu wawili wakakumbatiana.

Nagat alipenya katikati ya watu, akamletea mumewe maji. "Nilikuwa nyuma, sikuona vizuri. Umemgusa kichwa?"

"Nani?"

"Bakhit!"

Khalaf alisimama na glasi mkononi, akafikiri.

"Wallahi, Mama Wafaa, nimesahau hata kujaribu."