Kurasa Zilizoanikwa Darini

Kitu cha kwanza kilichokataa kwisha katika nyumba ya akina Pernauer kilikuwa mshumaa. Bi Leopoldine aliuwasha mchana mmoja wa Januari, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tena, na miaka hiyo ya baada ya vita wanajeshi wa Kirusi walikuwa bado mjini na kila kitu kilikatika. Umeme uliporudi jioni, mshumaa ulikuwa na urefu uleule. Aliuzima, akasema angalau sasa wameanza kutengeneza mishumaa ya maana.

Vienna mke hubeba cheo cha mumewe, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Daktari, ingawa marehemu Daktari Gotthard Pernauer hakuwahi kumtibu hata paka. Alikuwa mwandishi. Nusu ya maisha yake aliandika riwaya moja tu, habari ya bwana aliyeulizwa na mwanamke kama atamwoa. Juzuu tatu zilikuwa zimekwisha kuchapwa, nene kama matofali, na bwana yule alikuwa hajajibu. Kila alipofungua mdomo, mwandishi alimkatiza kwa insha: juu ya hisabati, juu ya dhamiri, juu ya namna vumbi linavyotua juu ya piano. Wasomi walisema ni kazi kubwa ya karne. Sisi wengine tulifika ukurasa wa arobaini, tukaenda zetu kunywa kahawa.

Katika juzuu ya nne bwana yule alikuwa amesimama mbele ya mwanamke wake, amevuta pumzi, anataka kujibu kweli. Hapo Gotthard akafa. Kurasa zile za mwisho alikuwa ameziandika kwa penseli, hazikuwa na nakala, na aliyezisoma ni mkewe peke yake, mara moja tu, kando ya kitanda cha mgonjwa. Mchapaji alizitaka kabla ya majira ya kuchipua. Bi Leopoldine alizitunza darini ndani ya sanduku la bati, na siku ya pili ya Krismasi theluji iliyeyuka juu ya paa, vigae vikavuja, sanduku likajaa maji.

Wanawake wa nyumba ile wote walianika nguo zao darini, kamba zilikuwepo tayari. Bi Leopoldine alipanda na furushi lake la karatasi mbichi, na nyuma yake alipanda mkwewe, Roswitha, mja mzito wa miezi minane, kashika kikapu cha vibanio.

"Mama, siku hizi hatuaniki," Roswitha alisema.

Alikuwa akisema jambo ambalo hata Bi Leopoldine alilijua tangu utotoni. Kati ya Krismasi na sikukuu ya Mamajusi wafu hupita hewani kwa makundi, na kamba yenye kitu juu yake ni mtego. Mama yake mwenyewe, huko kijijini, hakuthubutu kuanika hata soksi.

"Hatuaniki nguo," Bi Leopoldine akajibu. "Hizi ni karatasi."

"Shangazi Kreszenz anasema kamba ni kamba."

"Shangazi yako hajasoma hata ukurasa mmoja wa kazi ya baba mkwe wako."

"Hata mimi sijamaliza, Mama."

"Ndiyo maana nasema. Lete vibanio."

Kuishi miaka mingi na mtu wa insha kulimfundisha kushinda kila ubishi, na ubishi huu pia aliushinda. Alianika ukurasa mmoja baada ya mwingine hadi dari lote likawa jeupe.

Baada ya ule mshumaa yalianza mambo ya kuchekesha. Msimu wa Fasching, wa sherehe za kabla ya Kwaresima, ulifika, Roswitha akakaanga maandazi ya jemu, yakawa meusi nje na mabichi ndani, na hata alipoyarudisha mafutani mara tatu ubichi haukutoka. Birika liliimba bila kuchemka. Konrad, mumewe, mwalimu wa hisabati, alikuwa akianza kusema, "Leo shuleni mkuu ameniita, akaniambia..." kisha akabaki anatazama kijiko chake.

"Akakwambia nini?" Roswitha alimuuliza.

"Nani?"

"Baba mtoto, umeanza kuzeeka kabla sijakuzalia hata mmoja."

Walicheka. Lakini hata kicheko kilikatika katikati, wote watatu kwa pamoja, na katika kimya kile walisikia kitu darini. Alikuwa mtu akisafisha koo. Alisafisha koo taratibu, kwa adabu, kama anavyofanya mtu anayetaka kuanza kusema, halafu hakusema. Baada ya kitambo akasafisha tena.

"Ni bomba la maji," Konrad alinong'ona.

"Bomba liko jikoni," mkewe akanong'ona pia.

Tangu hapo nyumba ilianza kunuka karatasi mbichi na penseli iliyochongwa sasa hivi. Harufu iliingia kwenye siagi, kwenye mito ya kulalia, kwenye nywele za Roswitha. Bi Leopoldine alipanda darini kila mchana kuanua kurasa, kwa kuwa zilikuwa zimekauka kitambo. Kila mchana alianua mbili tatu, akasahau alichopandia, akashuka mikono mitupu, na kesho yake akazikuta zote zimerudi kambani. Haya hakumwambia mtu. Nadhani hakuogopa kama alivyopaswa kuogopa. Alisikia koo la mwanamume linasafishwa katika nyumba ya mjane, na moyoni akafurahi.

Mtoto alitarajiwa mwisho wa Januari. Januari ikapita. Katikati ya Februari uchungu ulimshika Roswitha, ukapanda, ukakaribia pale unapotakiwa kufika, kisha ukakatika. Saa nne baadaye ukaanza upya, ukakatika palepale. Ilikuwa hivyo siku mbili mfululizo, na midomo yake ikawa ya kijivu.

"Mama, haiishi," aliliambia bega la mama mkwe wake. "Inafika, halafu haiishi."

Konrad alipiga simu hospitali, wakamwambia amlete mara moja, teksi ikaja ikasimama chini mlangoni ikipiga honi. Walikaa ghorofa ya pili tu. Alimkumbatia mkewe kiunoni wakaanza kushuka ngazi, wakapita mlango wa jirani fundi saa, wakapinda, wakashuka, wakapita dirisha la kioo chekundu, wakapinda, wakashuka, na honi ya teksi ilikuwa ikisikika karibu kabisa, chini ya miguu yao, wakapita mlango wa fundi saa, na Konrad hakutaka kuutazama, akasema moyoni kwamba pengine mafundi saa ni wawili, wakapinda, wakapita dirisha jekundu, na harufu ya penseli ikawa inapanda kuwapokea kutoka huko chini walikokwenda, na Roswitha akisimama kila uchungu ulipokuja na kila ulipokatika akiburutwa tena, wakashuka, mlango wa fundi saa, wakashuka, dirisha, mpaka honi ikanyamaza, gari likasikika likiondoka, na alipogeuka nyuma kwa hofu akaona mlango wao wenyewe uko wazi hatua chache juu yao, na mama yake amesimama kizingitini na koti mkononi, kama vile ndiyo kwanza wametoka.

"Mmesahau koti," Bi Leopoldine alisema. Kisha akaona nyuso zao.

Ni yeye aliyepiga simu posta ya kijiji huko milimani, akaomba aitwe Kreszenz.

Shangazi Kreszenz alifika kwa treni ya mchana wa siku iliyofuata, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mkunga wa bonde zima na mfukizaji wa majumba na mazizi. Kuingia nyumba ile hakukumpa taabu. Alimpapasa Roswitha tumboni, akaweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu.

"Yuko hai," alisema. "Lakini anachoka, na mama yake pia. Jioni hii hii, la sivyo siwaahidi hata mmoja. Nani ameanika?"

Konrad alimtazama mama yake.

"Zilikuwa karatasi," Bi Leopoldine alisema kwa sauti ndogo.

"Hewa haijui kusoma, Mama Daktari."

Kreszenz alitia makaa kwenye kikaango cha chuma, akamwagia utomvu wa msonobari na majani yaliyobarikiwa kanisani Agosti, moshi ukapanda mzito. Alifukiza jikoni, akafukiza chumba cha mzazi, kila pembe, kila kitasa. Kisha akampa Konrad kazi ya kushika mkono wa mkewe, akamwashiria mjane, wakapanda wawili darini. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na giza la baridi lilikuwa limeshaingia. Hapakuwa na upepo, lakini kurasa zote zilikuwa zikipumua kambani, zinavimba, zinalegea, zinavimba, na katikati yake mtu alisafisha koo.

"Ni mume wangu?" Bi Leopoldine aliuliza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kuelekea kurasa.

"Teremsha mkono. Si mumeo. Ni mmoja wa wale wa safari." Huko kwao husema hivyo. Mimi nikisimulia kwa lugha yangu nasema jini, na sioni kosa. "Alikuwa anapita zake, akanaswa humu. Amelala ndani ya maneno yasiyokwisha mwezi na nusu, na maneno hayo ndiyo yaliyomlea. Hajui kitu kingine. Kila atakachokigusa atakizuia kisiishe, na sasa amemgusa mtoto."

"Basi tuzianue. Tuziweke mbali, kanisani..."

"Utaanua mpaka lini? Umejaribu, sivyo?" Kreszenz aliweka kikaango sakafuni. "Zichomwe. Na aliyeanika ndiye achome."

Bi Leopoldine alianza kuongea. Alisema hakuna nakala. Alisema Gotthard aliandika akiwa na homa, anatema damu, na kwamba humu ndimo, baada ya miaka yote hiyo, lilimokuwa jibu, na yeye alilisoma akilia hata halikumkaa kichwani. Aliomba aachwe azisome mara moja tu, azikariri, kisha achome mwenyewe kwa mkono wake.

"Soma," Kreszenz alisema. "Lakini hutamaliza."

Chini yao Roswitha alipiga ukelele. Ulipanda, ukapanda, ukakatika palepale kama uzi. Kilichofuata hakikuwa kimya. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu aliyefurahi kusikilizwa, na kilitoka nyuma ya ukurasa uliokuwa karibu kabisa na shavu la Bi Leopoldine.

Aliuvuta ukurasa ule akautupa kwenye makaa. Akavuta wa pili. Hakuangalia hata neno moja, alifumba macho akavuta kwa vidole, vibanio vikaruka huku na huku, na mara hii kurasa hazikurudi. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama ambavyo hakulia hata mazikoni. Ukurasa wa mwisho uliposhika moto, kitu kilipita kati ya wanawake wale wawili, baridi, na tundu la paa likapiga mluzi. Chini, ukelele wa Roswitha ulianza tena, na safari hii ulifika mwisho wake.

Mtoto alikuwa wa kiume, wakamwita Emmerich. Kreszenz alimpangusa, akamkabidhi kwa bibi yake.

"Kimetoka," alisema. "Lakini kimeonja nyumba. Kikisema tena, msikisikilize. Mniite."

Juzuu ya nne ilitoka bila kurasa zile. Bi Leopoldine alimwambia mchapaji zilioza kwa maji, na wasomi wakaandika vitabu vyao kueleza kwa nini fundi yule mkubwa alichagua kukatisha hadithi pale, tena kwa ustadi gani. Yeye alivisoma vyote. Alimpenda mjukuu wake, mtu asitie shaka hapo. Alimwogesha, alimbeba mgongoni, alimnunulia bustanini kokwa za chestnati zilizochomwa. Lakini mara nyingi alikaa dirishani akisukumiza kumbukumbu zake kwa nguvu, akitafuta japo sentensi moja ya zile alizozichoma, na hakupata hata kivuli chake. Alipokuwa peke yake aliona kwamba ameua watu wawili, mume na bwana yule wa riwaya, ili apate mmoja. Kisha alijionea haya na kwenda kumpikia Emmerich uji wa semolina.

Emmerich alikuwa na miaka minne. Alasiri moja Konrad alikuwa shuleni na Roswitha ameshuka kununua maziwa. Mtoto alikaa chini ya meza ya jikoni akipanga vifungo, bibi akimenya viazi.

"Na kwa kuwa kila jibu," mtoto alisema, "ni mlango unaofunga vyumba vingine vyote, alisimama, si kwa woga, bali kwa aina ya adabu mbele ya vyumba hivyo, akamtazama, akaona kwamba yeye pia..."

Kisu kilisimama. Viazi viligaagaa sakafuni. Bi Leopoldine alishika ukingo wa meza, kwa maana sentensi ile ilimrudia nzima, na mwandiko wake, na doa la damu pembeni mwa karatasi.

Aliinama akatazama chini ya meza. Mjukuu wake alikuwa na kifungo mkononi, mkono uko hewani, haushuki. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Simu ilikuwa ukutani, na namba ya posta ya Kreszenz imeandikwa juu yake kwa mkono wa Roswitha.

"Emmerich," alisema.

Mtoto hakupepesa. Alikuwa akingoja.

Bi Leopoldine alifunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Alifuta mikono kwenye aproni, akavuta droo, akatoa penseli na karatasi ya kufungia nyama, akapiga magoti sakafuni karibu naye.

"Akaona kwamba yeye pia," alimnong'oneza taratibu. "Endelea, mjukuu wangu. Bibi anasikiliza."