Kisahani cha Jaji

Kisahani cha majivu ya sigara kilikuwa na joto. Muuguzi alikigeuza mkononi, akatazama kama kulikuwa na jua linalokipiga pale kwenye rafu. Lakini duka lilikuwa chini ya ghorofa, upande ule halikuwa na dirisha, na vyombo vingine vyote alivyovishika tangu aingie vilikuwa baridi kama kioo kinavyotakiwa kuwa.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Kwa watu waliohama," alisema mama muuzaji wa vyombo vya mitumba, bila kuinua macho kwenye bakuli alilokuwa akilifuta. "Waliacha kila kitu, mpaka miswaki. Chukua kile cha duara, dada. Kinapendeza zaidi."

Cha duara kilikuwa kizuri kweli, kimechongwa nyota kwenye kitako. Lakini kilikuwa chepesi, na vijishimo vyake vya pembeni vilikuwa vyembamba, vya sigara za kawaida. Baba yake alivuta siga, zile sigara nene za kahawia za majani matupu yaliyoviringishwa, na siga isingekaa pale. Ingebingirika na kuunguza kitambaa cha meza. Hiki chenye joto kilikuwa cha mraba, kizito kama tofali, cha kioo cha rangi ya moshi. Kilikuwa na mfereji mmoja tu, mpana.

"Cha duara, dada," muuzaji alirudia, na safari hii akamtazama. "Hicho hata mimi sikipendi. Nakiosha, nikigeuka nakikuta na majivu."

"Basi wapo wanaokuja kuvutia humu."

"Humu havuti mtu."

Muuguzi alicheka, akalipa, akakitia kwenye mkoba.

Alikuwa na sababu zake za kukitaka kizito. Baba yake, jaji mstaafu, alikuwa amefiwa na mkewe miezi michache nyuma. Marehemu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na nyumba nzima, hata mumewe, ilimwita Mwalimu. Jaji alivuta tangu ujana, Mwalimu akikohoa pembeni yake, mpaka mapafu yakamtupa mkono. Sasa mgane huyo alikuwa anazimia siga zake kwenye visahani vya chai vya mkewe, vile vyeupe vya harusi. Kila kimoja kilikuwa na kovu la kahawia katikati. Muuguzi akija kumpikia, akiviona kwenye sinki, alivisugua mpaka vidole vikamuuma. Kovu halikutoka hata moja.

"Leo nimekuletea chako, baba," alisema jioni hiyo. "Visahani vya mama uviache."

Jaji alikipima uzito kwa mkono. "Hiki ni cha mtu mzima," alisema, akaweka siga kwenye mfereji, na siga ikalala sawasawa. Hapo mtu akagonga geti. Alitoka kumsikiliza, jirani tu aliyekuja kuulizia maji, na aliporudi siga ilikuwa imekwisha yote, mpaka kwenye pete yake ya karatasi. Kisahani kilikuwa kisafi. Hakikuwa na hata chembe ya majivu.

"Umeivuta wewe?" alimtania binti yake.

"Mimi? Bora nivute bomba la gari."

Wakacheka wote wawili, na ndiyo ikawa mara ya mwisho kucheka pamoja.

Kesho yake Muuguzi alikuwa anakatakata vitunguu jikoni, jua bado halijazama, aliposikia mtu akikohoa sebuleni. Kisu kikamponyoka. Vikohozi vifupifupi vinafuatana, halafu pumzi ndefu ya kuvuta, yenye kukwaruza kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Katika wodi yake alikuwa amesikia vifua vya watu wengi, lakini kifua hiki alikijua tangu akiwa tumboni. Alikimbilia sebuleni. Jaji alikuwa amesimama mbele ya meza, kiberiti mkononi. Aliwasha siga, akaivuta mara moja, akailaza kwenye mfereji. Kikohozi kikakatika. Pahali pake ikaja pumzi ya mtu aliyetua mzigo, na harufu ya chaki na mafuta ya nywele, harufu ya Mwalimu akirudi kutoka shuleni.

"Umesikia?" Jaji alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. "Amenisamehe. Anataka nivute."

"Baba, mama alikuwa hapendi hata harufu yake."

"Alikuwa hapendi. Sasa anapenda."

Kuanzia hapo hakuambilika wala hakusemezeka. Kila siga ilipozima, kikohozi kilianza, na kila kilipoanza, aliwasha nyingine. Aliacha kula. Alilala kitini, akishtuka kila saa kuwasha. Vidole vikawa njano, kisha kahawia, macho yakaingia ndani, na akiinuka kwenda msalani alishika ukuta. Muuguzi aliweka sikio mgongoni mwake akasikia mapafu yakitokota kama uji. Alipozificha siga zote kwenye buti la gari lake, kikohozi kiliendelea mchana kutwa, na kuelekea magharibi kikaanza kusema.

"Washa, baba watoto," ilisema sauti ya Mwalimu, pole pole, kutoka kwenye kioo. "Nakosa pumzi."

Jaji aliingia jikoni, akachukua majani ya chai, akayaviringisha kwenye gazeti, akavuta hayo.

Muuguzi akampigia simu mdogo wake. Huyu alikuwa fundi magari, mtu wa mwili, na Jaji alikuwa na mzaha wake kwamba amezaa wakarabati watupu, mmoja wa injini na mmoja wa watu. Fundi alifika na ovaroli lake la mafuta, akasikiliza sauti ya mama yake ikimwomba moto baba yake, uso ukampauka. Alikinyakua kisahani, akatoka nacho uani, akakiweka juu ya zege, akainua nyundo aliyokuwa akinyooshea vyuma.

Pigo la kwanza lilipotua, ukelele ulitoka ndani ya nyumba. Fundi alidhani ni hasira za mzee, akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Dada yake alitoka mbio akipunga mikono, "Acha! Acha, unamuua!" Ndani, Jaji alikuwa amelala sakafuni, amejikunja, ameshika ubavu. Kisahani hakikuwa hata na mchubuko. Hospitali walipompiga picha walikuta mbavu mbili zimevunjika, na daktari akawatazama wale ndugu wawili kwa jicho ambalo Fundi hakuweza kulistahimili.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mama mnene wa makamo, aliyefika mchana na kikapu cha manunuzi yake ya nyumbani. Alikaa sebuleni akakitazama kile kioo kwa muda mrefu, akanusa, halafu akawaita ndugu wale barazani na kufunga mlango.

"Huyo si mama yenu. Ni jini, na chakula chake ni moshi uliopita kwenye kifua cha mtu. Ameshaingia kwa mzee, ndiyo maana ukimpiga yeye anaumia mzee. Akimmaliza atatafuta kifua kingine."

"Sauti ya mama ameipata wapi?" Muuguzi aliuliza.

"Kwa baba yenu. Jini hana kumbukumbu zake mwenyewe. Anasema alichokikuta kifuani kwa mtu." Aliteremsha sauti. "Anatolewa kwa njaa tu. Asubuhi mfungeni mzee mikono. Kusiwe na moto ndani ya nyumba, hata wa jiko. Ataomba, halafu atakohoa, halafu atakata roho. Atakata roho kwa sauti ya mama yenu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama ilivyokuwa. Msimjibu. Mkimjibu neno moja, ameshinda."

Fundi alifuta uso kwa kiganja. "Kama ilivyokuwa? Sisi hatukuwepo."

Ni kweli, hawakuwepo. Yeye alikuwa gereji na dada yake alikuwa zamu wodini, akimshikia mkono mgonjwa wa mtu mwingine. Baba yao aliwaambia mama yao alilala tu, kwa utulivu, hakuhangaika hata kidogo. Neno hilo ndilo lililomwezesha Muuguzi kulala usingizi tangu siku ile.

Asubuhi alimfunga baba yake mikono kwenye kiti kwa bandeji pana, zile zisizokata ngozi. Mganga alikaa pembeni, mikono mapajani. Kisahani kilikuwa katikati ya meza, kitupu, na joto lake lilisikika mpaka walipokaa.

Kikaanza kwa upole. Kilimwomba Jaji, kwa majina ya chumbani ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia. Kilimgeukia Fundi, kikamwambia mwanangu una mikono mizito, umemvunja baba yako, washa umponye. Fundi aliuma kola ya ovaroli lake, akainamisha kichwa. Kisha kikamjia Muuguzi.

"Kipusa."

Hakuna aliyemwita hivyo ila mama yake.

"Kipusa, uko wapi? Mbona hujaja?"

Muuguzi alifungua mdomo, na mganga akamkanyaga mguu kwa nguvu, naye akaufunga. Hapo kikohozi kikaja kwa kishindo, si kile cha siku zote, bali cha mtu aliyefika ukingoni, kikapanda na kupanda mpaka vikombe vikagongana kabatini, na katikati yake sauti ile ikaanza kusema maneno ambayo hayakuwa ya kuomba moto tena, maneno yaliyokuwa yakirudi yenyewe kutoka siku ile, yakitoka kwa mapande kila pumzi ilipopatikana, naye Muuguzi, aliyezoea kuhesabu pumzi za wanaokufa, akajua kwamba anachokisikia hakikubuniwa na yeyote, kwamba mtu wa kweli aliyasema haya, katika chumba hiki, kwenye kochi lile pale.

"Baba watoto, izime. Nakufa. Izime hiyo, fungua dirisha. Tafadhali. Dirisha tu."

Halafu, kutoka kioo kilekile, ikatoka sauti ya pili. Ilikuwa sauti ya Jaji, imetulia, ya mtu anayesoma gazeti.

"Ngoja nimalizie hii kwanza."

"Nyamaza!" Jaji alipiga yowe kitini, akajirusha mpaka bandeji zikalia. "Nyamaza, mwongo wewe! Mtoto, usimsikilize! Niwashieni! Jamani niwashieni anyamaze!"

Hakuna aliyemwashia. Mganga alitikisa kichwa tu. Na sauti ya Mwalimu ikaendelea kuomba dirisha, ikiomba kwa adabu kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua, kwa muda mrefu sana, muda ambao mtu angeweza kwenda dirishani na kurudi mara mia, mpaka maneno yakaisha ikabaki kukwaruza, mpaka kukwaruza kukaisha.

Kitu kikalia tik! Ufa mwembamba ulikuwa umekatiza kioo kutoka pembe hadi pembe. Mganga alikigusa kwa kiganja.

"Baridi," alisema. "Ametoka."

Uani, Fundi alikipiga mara moja tu kikawa unga, na ndani ya nyumba mzee hakuumia popote. Aliomba uji. Alikunywa bakuli zima, Muuguzi akimlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu.

Jini hakurudi. Jaji alinenepa, mbavu zikaunga, rangi ikamrejea. Daktari alimwambia amepona, lakini kifua chake sasa kilikuwa kama karatasi iliyolowa: akivuta tena, hatavuta mara nyingi. Majirani walimsifu binti. Alihamia kabisa pale, akimwogesha baba yake, akimpa dawa kwa wakati, bila kumkosea neno la heshima.

"Yale yalikuwa uongo wa jini tu, mwanangu," Jaji alimwambia asubuhi moja, akiwa anafungwa vifungo vya shati.

"Ndiyo, baba." Alimaliza kifungo cha mwisho. "Lile dirisha siku ile lilikuwa wazi au limefungwa?"

Jaji alitazama mikono yake.

"Kulikuwa na mbu," alisema.

Muuguzi aliitikia kwa kichwa. Alivaa viatu akaenda madukani, na hakukawia. Aliporudi alimwekea baba yake mezani boksi la siga, zile alizokuwa akizipenda kuliko zote, akalifunua kifuniko, akaweka kiberiti juu yake na kisahani cheupe cha chai pembeni. Jaji alilitazama lile boksi, akamtazama binti yake. Binti alikuwa tayari ameshaelekea upande wa pili wa sebule, anavuta dirisha la kwanza, anakaza komeo, anakwenda la pili.

"Mbona unafunga?" Jaji aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Kuna mbu, baba."

Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, akasimama ukumbini mpaka aliposikia kiberiti kikiwashwa.