Spika ya Kushoto

Rafiki yangu Theuri alitoka Gatitu kwenda Nyeri mjini kuchagua spika za hali ya juu. Rasila, mwenye duka, alimketisha katika chumba kisicho na dirisha, akazima taa ili asikilize vizuri. Wimbo ulipokwisha, spika ya kushoto ikaanza kugonga, kama mtu anayegonga ukuta.

"Hiyo iko kwa wimbo?" Theuri aliuliza.

"Wimbo umeisha," Rasila alisema, akapapasa gizani, akachomoa nyaya za spika.

Theuri alianza kulia. Baadaye aliniambia kwamba marehemu baba yake alipozidiwa na ugonjwa katika chumba cha pili nyumbani, aligonga ukuta akimwita, naye Theuri akaongeza sauti ya muziki.

Mle gizani dukani, Theuri aliweka kiganja juu ya spika ya kushoto. Bado ilikuwa ikigonga, polepole, ikimsukuma mkono.