Funguo za Nyumba Nzima

Mama Pacha alikuwa anampima mbwa kifua.

Si utani. Mbwa mwenyewe mdogo, mweupe, kasimama juu ya meza ya kukatia vitambaa kama bwana harusi anayepimwa suti. Mwenye mbwa alikuwa dada mmoja aliyehamia kwenye ghorofa jipya, ng'ambo ya barabara.

"Namtakia koti," dada akasema. "Asubuhi anasikia baridi."

Mama Pacha akabana midomo asicheke. Kazi ni kazi. Akapitisha tepu chini ya tumbo la mbwa.

"Mikono mirefu au mifupi?" akauliza.

Mtaa ulikuwa umebadilika namna hiyo. Pale kwa mchomeleaji sasa pana mgahawa wa kahawa, kuta zote vioo. Pale kwa muuza mkaa pana duka la maua. Asubuhi watu wazima wanakimbia barabarani na hakuna anayewafukuza.

Lakini nyumba ya kina Mama Pacha ilikuwa ileile. Nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga. Uani bomba moja, na kamba za nguo zimepishana juu. Mama Pacha alikaa chumba cha mbele na mumewe, Baba Pacha, na mapacha wao wawili wa kike. Cherehani yake ilikuwa barazani, kando ya mlango. Akishona, anaona kila anayeingia na kila anayetoka.

Ndiyo maana wapangaji wenzake walimwachia funguo. Ukutani, juu ya cherehani, palikuwa na misumari. Kila chumba na msumari wake. Mtu akienda kazini anatundika ufunguo, akirudi anachukua. Watoto wakitoka shule, ufunguo upo. Fundi bomba akija, Mama Pacha anamfungulia, anasimama naye mpaka amalize.

"Mama Pacha ni benki yetu," alipenda kusema Kinyozi, jirani wa chumba cha pili. "Ila benki haikuulizi ulikuwa wapi usiku."

Jioni ile Baba Pacha alirudi kutoka kazini na rangi kwenye nyusi. Yeye ni fundi rangi. Siku hizo alikuwa anapaka ghorofa jipya, lilelile la yule mbwa. Akanawa bombani huku anacheka peke yake.

"Una nini wewe?" mkewe akamuuliza.

"Leo nimepaka ofisi yao ya chini. Ukutani pana picha kubwa ya mtaa huu, jinsi utakavyokuwa. Mgahawa umo. Duka la maua limo. Hata ile taa ya barabarani iliyopinda imo, wameinyoosha."

"Na sisi?"

"Sisi hatumo! Hapa petu pamechorwa maegesho ya magari. Mchoraji katusahau!"

Uani kote wakaangua kicheko. Kinyozi akachutama, akajifanya gari linaloegeshwa. "Piiip! Mama Pacha, toa cherehani, narudi nyuma!"

Mtu mmoja hakucheka. Aliitwa Mama Mikutano, mama wa makamo wa chumba cha mwisho. Jina alilipata kihalali. Mkutano wowote wa mtaa, yeye yupo kiti cha mbele. Ofisi ya mtaa ilikuwa imempeleka mafunzo ya usaidizi wa sheria, na aliporudi hakuna aliyemuuliza alijifunza nini.

"Mchoraji kakumbuka taa," akasema, "kasahau nyumba nzima?"

"Aa, Mama Mikutano! Hata picha unataka kuiitishia mkutano?" Kinyozi akamtania.

"Mwenye nyumba mmemwona lini? Twendeni tukamuulize kama kauza."

"Tutaenda, mama. Tutaenda."

Hakuna aliyekwenda.

Siku chache baadaye, asubuhi, watu wote wakiwa makazini, alikuja mwanamume mmoja mwenye shati safi. Meno yote nje. Mama Pacha akambatiza moyoni palepale: Bwana Tabasamu. Nyuma yake vijana wa kazi, na mmoja kabeba ndoo kubwa ya rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Natoka kwa mwenye nyumba. Tumekuja kuwapakia rangi vyumba vyote. Mtaa unapendeza, na nyie lazima mpendeze."

Mama Pacha akasimamisha cherehani. Rangi! Miaka yote wanaiomba. Ukuta wa chumba chake ulikuwa na ramani ya unyevu, mapacha walikuwa wakiipa majina ya nchi.

"Mume wangu ni fundi rangi," akasema kwa furaha. "Mngemwambia, angewasaidia."

"Aa, mwache apumzike. Sisi tunataka vyumba viwe wazi tu. Vijana watatoa vitu nje, jioni mnarudisha. Nimesikia funguo unazo wewe."

Mama Pacha akaitazama ile misumari. Mara ngapi kafungulia mafundi? Hakuona tofauti. Akafungua vyumba kimoja kimoja. Vijana wakatoa vitanda, masufuria, makabati, kwa adabu kabisa. Hata kioo cha Kinyozi walikilaza juu ya godoro kisivunjike.

"Mama, niachie hizo funguo," Bwana Tabasamu akasema. "Wewe una shughuli zako. Nitazitundika mwenyewe."

Na kweli alikuwa na shughuli. Koti la mbwa lilikuwa tayari, na dada anamsubiri mgahawani. Mama Pacha akampa funguo zote, akavuka barabara.

Mbwa akavalishwa koti mbele ya watu. Likamkaa sawasawa. Watu wakapiga picha. Mama Pacha akarudi anatabasamu, hatua nyepesi kama msichana.

Akafika uani. Akasimama.

Milango yote imefungwa. Kila mlango una kufuli jipya, jeusi, kubwa kama ngumi ya mtu. Vijana hawapo. Ukutani hakuna hata alama ya brashi. Vitu vya nyumba nzima vimerundikana chini ya kamba za nguo. Na misumari ya funguo ilikuwa mitupu.

Cherehani yenyewe imesukumwa uani, imegeuziwa ukuta.

"Jamani," akasema. Akasema tena, "Jamani!"

Bwana Tabasamu alikuwa langoni, anabonyeza simu.

"Mwanangu, rangi iko wapi?"

"Rangi gani, mama? Nyumba imeuzwa. Nyie mmehama leo. Nakushukuru sana kwa ushirikiano."

"Tumehama? Nani kahama?"

"Funguo umenipa kwa mkono wako, mama. Tena vyumba umefungua mwenyewe. Mtu asiyehama anatoa funguo?"

Akaingia kwenye gari, akaondoka. Lile tabasamu bado liko usoni.

Mama Pacha akakaa juu ya gunia la nguo za mtu. Mapacha wakarudi kutoka shule. Wakaona kitanda chao kiko uani, wakapanda, wakaanza kuruka.

"Mama! Leo tunalala nje?"

Mama Pacha akainuka, akawavua viatu.

Habari ilikimbia, wapangaji wakaanza kurudi. Kinyozi akaja na aproni yake ya kazi, nywele za mteja bado ziko kifuani. Akautazama mlango wake. Akautazama mrundiko wa vitu. Kisha akamtazama Mama Pacha.

"Ufunguo wangu nilimwachia nani?"

"Baba, alisema..."

"Sikuulizi alichosema yeye. Nakuuliza wewe. Nilimwachia nani?"

Kofi lisingemuuma vile. Mama Pacha akainamisha kichwa. Kinyozi akaokota nondo, akaelekea mlangoni.

"Weka hiyo nondo chini!"

Alikuwa Mama Mikutano. Ameingia anahema, kilemba kimeegemea upande mmoja.

"Niache! Hiki ni chumba changu!"

"Ni chako, ndiyo. Ukivunja kufuli, wataacha kuzungumza habari za chumba. Watazungumza uhalifu wako. Utawapa sababu wanayoitafuta. Weka chini, Kinyozi, nakuomba."

Kinyozi akaiachia. Ikalia juu ya saruji.

"Sasa nisikilizeni," Mama Mikutano akasema. "Leo mtanisikiliza. Nyumba kuuzwa siyo wapangaji kufukuzwa. Aliyenunua nyumba kainunua na watu wake ndani. Akiitaka, anatupa notisi, anatupa muda. Tukibishana, mahakama ndiyo inaamua. Mtu haamki asubuhi akakufungia chumba. Hapa kwetu hilo ni kosa."

"Lakini mimi nimempa funguo," Mama Pacha akasema kwa sauti ndogo.

"Umempa kwa ajili ya nini?"

"Rangi."

"Basi kadanganya. Ufunguo uliotolewa kwa uongo hauhamishi mtu. Sasa, vitu visiondoke hapa. Tukivihamishia kwa ndugu, watasema tumehama. Wewe mwenye simu nzuri, piga picha makufuli na huu mrundiko wote. Na tunakwenda ofisi ya mtaa sasa hivi. Sote. Mmoja mmoja watatuzungusha."

Baba Pacha ndiyo kwanza anafika, mbio, kutoka kwenye lile ghorofa. Akazunguka uani kama mtu aliyepotea njia nyumbani kwake. Karibu na bomba akaiona ile ndoo ya rangi, vijana wameisahau. Akachutama. Akaigusa ubavuni.

"Ndoo hii naijua," akasema.

"Ndoo zote si zinafanana?" Kinyozi akauliza.

Baba Pacha akauweka mkono wake juu ya alama ya mkono wa rangi ya kijivu iliyokauka ubavuni. Vidole vikaingia palepale, na kile kidole kifupi alichokatwa na msumeno zamani kikakaa mahali pake.

"Mimi ndiye niliyeimaliza. Kule ghorofani. Niliiacha tupu."

Akaondoa kifuniko. Ndani mna mchanga.

Mchanga tu, mkavu, umejaa mpaka juu. Bwana Tabasamu hakuja hata na tone la rangi.

"Kumbe ile picha..." Baba Pacha akasema. Hakumalizia. Alikuwa amepaka kuta zote kuizunguka ile picha, kwa uangalifu, asiichafue.

Ofisi ya mtaa haikuwa mbali. Waliingia kwa pamoja mpaka viti vikaisha. Afisa, mwanamama mwenye miwani, akapiga simu ofisi ya lile ghorofa, akamwita Bwana Tabasamu. Akaja. Tabasamu likaja naye.

"Hawa wamehama kwa hiari," akasema. "Muulize huyu mama. Kanipa funguo mwenyewe."

Afisa akamgeukia Mama Pacha. "Ni kweli ulimpa?"

Angeweza kusema alinyang'anywa. Nani angembishia? Kinyozi alikuwa anamtazama.

"Nilimpa," Mama Pacha akasema. "Alisema anapaka rangi, nikaamini. Na kosa langu nalijua. Zile funguo hazikuwa zangu. Wenzangu waliniwekesha, hawakunipa. Nilitakiwa kumwambia asubiri wenyewe. Lakini kuhama sikuhama. Mtu anayehama anaacha unga kwenye sufuria? Angalieni hizo picha. Hata sare za shule za wanangu bado ziko kwenye kamba."

Baba Pacha akainua ndoo, akaiweka juu ya meza ya afisa. Akafungua kifuniko.

Afisa akachungulia. Akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Bwana," akasema taratibu, "hebu nionyeshe jinsi unavyopaka ukuta kwa hii."

Hapo ndipo lile tabasamu lilipofia.

Afisa akamweleza mbele ya watu wote: bila notisi na bila amri ya mahakama, yale makufuli hayana uhalali. Aondoe leo, kabla jua halijazama, au polisi waje wasimamie. Bwana Tabasamu akapiga simu pembeni, jasho linamtoka. Jioni vijana walewale wakaja, wakafungua, wakaombwa warudishe vitu ndani. Wakavirudisha. Mama Mikutano akawasimamia kama mkwe mkali: "Kabati lile kushoto! Kushoto, nimesema!"

Baadaye mnunuzi mwenyewe akaitwa ofisini. Wapangaji wakaenda pamoja. Wakakubaliana wakae mwaka huu wote, na wasaidiwe kupata vyumba kabla nyumba haijabomolewa. Si kwamba wameshinda kila kitu. Iko siku maegesho yatajengwa pale. Lakini watatoka kwa miguu yao, mchana, wakijua wanakokwenda. Mapacha watamaliza shule yao. Na siku hizi Mama Mikutano akisema kuna mkutano, viti havitoshi.

Usiku ule wa kurudi ndani, Mama Pacha alichukua koleo, akang'oa misumari yote ukutani. Hakumwambia mtu. Wiki nzima kila mpangaji alitembea na ufunguo wake mfukoni, na Mama Pacha alishona ameinamisha macho.

Kisha asubuhi moja Kinyozi akasimama mlangoni.

"Msumari wangu uko wapi?"

"Niliung'oa, baba. Ni haki yako kukasirika."

"Nilikasirika, nikamaliza. Mwanangu atafika mchana, ataingiaje chumbani? Kwa dirisha?"

Akatoa msumari mfukoni. Akavua kiatu, akaupigilia ukutani kwa kisigino, mahali palepale. Akatundika ufunguo. Akavaa kiatu, akaenda zake kazini.

Mchana akaja kijana mmoja na begi la vyombo.

"Shikamoo, mama. Mimi fundi umeme. Nimetumwa chumba cha pili. Naambiwa funguo unazo wewe."

Mama Pacha akautazama ule ufunguo mmoja ukutani. Akasogeza kigoda kwa mguu, mbele ya cherehani.

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu," akasema. "Ngoja kwanza nimpigie mwenyewe simu."