Kitana cha Pembe

Zawadi moja ilikosa mwenyewe.

Birika alikuwa amepiga magoti sebuleni, begi la safari liko wazi mbele yake, na kila mtu ameshapata chake. Mkewe, fundi cherehani, alipata kitambaa cha meza kilichotariziwa. Binti yao, mtoto wa mashavu ambaye wote walimwita Kibonge, alipata kipochi cha shanga. Mama yake Birika alipata mtandio, na tayari alikuwa ameshautupia kichwani. Mkononi mwa Birika kikabaki kitana cheusi chenye maua ubavuni.

"Haya mama, na hiki chako."

"Changu? Si umeshanipa mtandio?"

"Uliomba na kitana. Siku ile naondoka, ulipiga kelele kutoka bafuni."

"Bafuni?" Mama akaushusha mtandio kichwani. Upara mtupu, unang'aa. "Baba, nitachana nini hapa? Kiazi hiki? Na siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kochi hili hili, nakutazama unavyohangaika na kamba za viatu."

Wote wakaangua kicheko. Kibonge akakinyakua kitana, akakichomeka kwenye nywele zake na kukimbilia kioo. Birika hakucheka, kwa sababu ile sauti aliikumbuka vizuri.

Sasa lazima mmjue huyu bwana. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji, na jina la Birika alipewa na wenzake kwa sababu mkono wake ulikuwa haufunguki hata kwa patasi. Kiwanda kilimpeleka ng'ambo kujifunza mtambo mpya, posho mkononi. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni, dereva wa kiwanda anasubiri nje, na kwa kuwa dereva anasikia, bwana mkubwa akajitia ukarimu: "Haya semeni, niwaletee nini?" Mke akasema lake, mtoto lake, mama lake. Halafu kutoka bafuni ikaja sauti ya kike, nzito, ya mtu mzima: "Mimi kitana. Cha pembe, cha kuchongwa kwa mkono. Usinipunje."

"Nimekuahidi!" akajibu Birika bila kugeuza shingo, akaingia garini.

Huko ng'ambo posho aliigawa kama anavyogawa kila kitu. Fungu nono la kurudi nalo nyumbani kimyakimya, fungu jembamba la zawadi. Kwenye mtaa wa wachongaji alikiona kitana chenyewe. Mchongaji, mzee mwenye vumbi la pembe hadi kwenye nyusi, alimtajia bei. Birika akataja nusu. Mzee akaendelea kuchonga. Birika akataja nusu ya nusu. Mzee akakichukua kitana chake taratibu, akakifuta, akakirudisha ndani ya kitambaa. Vibanda viwili mbele kulikuwa na rundo la vitana vya plastiki vilivyopakwa rangi vifanane na pembe. Akanunua kimoja kwa chenji. "Bi mkubwa atajuaje?" alijiambia, akarudi nyumbani na bahasha imevimba, akaificha kabatini chini ya ovaroli.

Kesho yake mchana, jua linawaka, nyumba ilianza kunuka nywele zilizoungua. Mke alikagua jiko, akakagua pasi. Hakuna kitu. Harufu ilitoka bafuni, na ndani yake ilikuwamo sauti, shwaa, shwaa, kama mtu anachana nywele ndefu bila haraka. Alipofungua mlango sauti ilikatika. Sakafuni kilikuwa kitana cha Kibonge, meno yote yamevunjwa na kupangwa mstari mmoja, yamenyooka.

"Wewe Kibonge! Ndiyo kazi gani hii?"

"Mama, mimi sijui," alisema mtoto, ameshika kichwa. "Kuna mtu alikichomoa kichwani nikiwa nimelala. Nilidhani ni wewe."

Alasiri ile mke alikuwa kwenye cherehani, anapinda shuka, mguu unakanyaga, uzi unakwenda, Kibonge amekaa chini anaokota vipande vya vitambaa, na kilichotokea mtoto alikieleza baadaye kwa kunong'ona: kwamba kichwa cha mama yake kilivutwa nyuma ghafla hadi koo likatokeza, kwamba kiti kilianguka lakini mama hakuanguka nacho, alibaki ananing'inia kwa nywele, miguu inapiga hewa, kisha kitu kikararuka na mama akaporomoka juu ya mashine, na nyuma yake lilibaki shungi la nywele linaelea peke yake, na ngozi yake, na damu yake, likienda bafuni polepole.

Ndipo akaitwa mganga. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, aliyevua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kunusa bafu.

"Huyu hakuja na begi lako," alimwambia Birika. "Huyu mlimkuta. Amekaa nanyi miaka yote, anawahesabu kuwa watu wake, hakuwagusa hata ukucha. Wewe ukasimama mlangoni ukauliza niwaletee nini. Akaomba. Ukakubali kwa mdomo wako."

"Nilidhani ni mama!"

"Na mama yako ungempa plastiki?"

Lo, aibu.

"Mletee kile kile," mganga alisema. "Una watu huko, piga simu, kinunuliwe, kipandishwe ndege. Usimchezee. Kwa mama Kibonge, alikuwa anakuonya tu. Hataishia kwa mkeo. Nywele za kuchezewa humu ndani zimebaki za mtoto."

Jioni ile Birika alipiga simu. Bei ya kitana, sawa, aliimeza. Bei ya kukisafirisha ilimkaba. Jamani, mke yuko kitandani kichwa kimeshonwa, na mwanaume anapiga hesabu! Asubuhi akaenda kwa seremala wa mtaa wa pili, akamchongesha kitana cha pembe ya ng'ombe kwa bei ya kutupa, akakipaka rangi ya viatu kionekane cha kizamani, akakifunga kwenye kitambaa safi.

Alikiweka kwenye kizingiti cha bafu mchana, familia nzima ikiwa sebuleni. Kitambaa kikajifungua chenyewe.

"Kimetoka wapi?" sauti ikauliza, karibu sana.

"Ng'ambo," alijibu Birika.

"Kinanuka kiatu."

Kitana kikapasuka vipande. Mama akarushwa ukutani na kochi lake, akalia "mwanangu!" na kuzirai, mke akaruka kumshika Kibonge akapigwa kofi la hewani lililomzungusha na kumwangusha chini damu zikimtoka puani, na mtoto, mtoto mwenyewe, akapanda juu taratibu, nywele zimesimama wima zimekusanywa kwenye ngumi ambayo hakuna aliyeiona, macho yamemtoka, anaita baba, baba, baba, huku vidole visivyoonekana vikianza kumchana, na kila vinapopita damu inachirizika kwenye paji la uso hadi kidevuni.

"Chukua hela!" Birika alipiga ukelele. "Bahasha nzima! Iko kabatini chini ya ovaroli! Chukua!"

"Nani kakuomba hela?" sauti ilisema. "Niliomba kitana. Sasa nichanie nini?"

Mara ya kwanza maishani mwake Birika hakupiga hesabu. Alipanda juu ya meza, akatanua vidole vya mkono wa kulia na kuvisukuma katikati ya nywele za mwanawe, pale ngumi ilipokuwa. "Chukua huu! Mwachie mtoto! Chukua huu!"

Mtoto akaanguka. Mkono ukakamatwa. Walisikia mifupa ikivunjika kama kuni kavu, walimwona akiburutwa sakafuni kifudifudi akipiga mayowe, akashika mguu wa meza, meza nayo ikaburutwa, mlango wa bafu ukafunguka, ukamla mkono hadi juu ya kifundo, ukajibamiza. Ulipofunguka tena alikuwa anavuta kigutu.

Hospitalini walisema ni mtambo wa kiwandani. Ile bahasha mke aliifungua mwenyewe, akalipia matibabu ya wote, na habari yake hakuitaja tena, jambo lililomuuma Birika kuliko matusi. Waliihama nyumba ile. Walipokuwa wanashusha makochi kwenye nyumba mpya, shwaa, shwaa, ilishaanza kwenye bafu jipya, ila sasa ilikuwa kavu zaidi, sauti ya mfupa. Mganga alikuja akanusa. "Ameridhika," alisema. "Sikusema ameondoka."

Waliishi hivyo. Nywele za Kibonge ziliota, akawa binti mkubwa, na shule ikamchagua kwenda ng'ambo na timu ya mpira wa wavu. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni, begi begani, gari linapiga honi, na kwa furaha tu, kama watu wote wanavyofanya, akapaza sauti: "Haya semeni, niwaletee nini?"

Bibi akaachia kikombe. Mke akamrukia kumziba mdomo, akachelewa.

"Mimi kioo," ilisema sauti kutoka bafuni. "Cha kuchongwa kwa mkono."

Birika aliinuka, akaingiza mkono wake wa kushoto mfukoni, akatoa kila alichokuwa nacho, noti na sarafu, akambebesha mwanawe.

"Mnunulie kizuri, mama," alimnong'oneza. "Usiulize bei."