Nilikificha Kitabu cha Mbula

Kengele ya mapumziko ilipolia, wenzangu walikimbilia uwanjani, mimi nikakimbilia maktaba. Ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu nihamie Mpwapwa kwa mama mdogo. Kule Kolo, nilikosoma kwanza, nilikuwa kiranja mkuu. Hapa nilikuwa "yule mgeni", basi, na upweke uliniuma kwelikweli.

Rafiki yangu alikuwa Mbula, shujaa wa kitabuni. Katika kitabu cha kwanza alipigana na majitu ya mawe kwa mkuki wa radi. Lakini cha pili ndicho kilichoniteka! Vita vimekwisha, mkuki umechukuliwa, na Mbula amepewa kazi ya kugawa maji kisimani. Masikini, haiwezi. Anamwaga ndoo, anagombana na watu, halafu anajificha na kulia. Jamani, nililia naye.

Nakala ilikuwa moja tu, na haikuruhusiwa kutoka maktaba. Kwa kuogopa mwingine asiniwahi, nikawa nakificha nyuma ya vitabu vya kilimo. Wala sikujiandikisha katika daftari la wasomaji.

Alhamisi, Mwalimu Devota, mtunza maktaba, alimwita Shamimu wa darasa letu.

"Jina la mwisho daftarini ni lako. Kitabu kiko wapi?"

"Nilikirudisha, mwalimu."

"Mbona hakipo? Hutaingia humu mpaka kipatikane."

Shamimu alitoka akifuta machozi. Nami nikanyamaza, kwa sababu nikisema nitafukuzwa, na nikifukuzwa sina mtu. Nilipofungua kitabu, sikuelewa hata mstari mmoja. Roho ilinisuta mchana kutwa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Devota.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Stumai. Kulikoni?"

"Kitabu nilikificha mimi. Shamimu hana kosa."

Shamimu aliitwa, nikamwomba radhi.

"Umenifanya mwizi!" alifoka. "Na nilikuwa nimebakiza sura tatu tu!"

"Ulifikia wapi?"

"Anapotoroka kisimani."

"Ala! Kumbe hujui kwamba..."

"Wee! Usinisimulie!"

Mwalimu Devota alikohoa kuzuia kicheko.

"Shamimu, nisamehe, nilikuhukumu haraka. Na wewe Stumai, wiki mbili utapanga rafu zote za maktaba." Kisha akanishika bega. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Upweke nao ni maradhi. Ungeniambia, ningekusaidia. Badala yake ulificha kitabu, ukamtwisha mwenzako aibu yako. Umefanya vyema kusema kweli, ila usingoje mpaka mtu alie."

"Nimekuelewa, mwalimu," nikajibu. Sikuthubutu kumtazama Shamimu.

Mapumziko yalipofika nilianza kupanga rafu. Shamimu aliingia, akachukua kitabu cha Mbula, akaketi. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Lakini njoo usome. Kwa sauti, na usiruke hata neno."